Kiwanja cha kona Kilwa Road: upimaji nyota tano, njia ya kuingiza gari nyota mbili

Kama una kiwanja kinachogusa lami na unatafuta watu wa kukupimia na kukuchorea kabla hujamwaga msingi, hawa jamaa kwenye upimaji nawapa nyota tano bila kusita, kwenye ramani ya jengo nne, ila ile kazi ya njia ya kuingiza magari kutoka barabarani nawapa mbili, na hiyo ya pili ni ya huruma tu. Jina la ofisi siandiki maana humu ndani nina malalamiko na karatasi zangu bado ziko mezani kwao. Ni ofisi ndogo, mpima mmoja mwenye usajili wake, mchoraji, na vijana wawili wa kwenda saiti.

Kiwanja kiko Vikindu, mbele Kilwa Road yenyewe, ubavuni barabara ya mtaa ya vumbi inayoingia kwenye makazi. Yaani kona. Watu wa biashara ya frem wanajua kona maana yake nini, unauza pande mbili. Mimi plani yangu ilikuwa rahisi tu, frem nane, yaani vyumba vya maduka ya kupangisha, mstari mmoja zote zinaangalia lami, choo nyuma, na geti la lori maana mpangaji wa kwanza niliyempata ni wa simenti na nondo, huyo bila lori kuingia ndani hana biashara. Hati ipo, ya zamani, kiwanja kilipimwa miaka ya tisini, mwenyewe aliyeniuzia kakikalia tu na miembe yake. Kwa hiyo akilini mwangu kazi ya mpima ilikuwa kuja kunionyesha bikoni, zile alama za zege za mpaka wa kiwanja, basi, tuanze kuchimba.

Walikuja asubuhi na ile fimbo ya GPS yenye kichwa kama sahani juu, sio GPS ya simu, hii inatoa hadi sentimita. Dalali naye alikuwepo, kajileta mwenyewe bila kuitwa, akawapeleka moja kwa moja kwenye "bikoni" ya mbele, kigingi cha zege kimesimama vizuri pembeni ya mtaro. Mpima hata hakuinama. Akasema kaka hiki ni kigingi cha mkongo wa mawasiliano, waya umefukiwa hapa chini, ukichimba msingi hapa unakata mawasiliano ya watu na unashtakiwa juu. Dalali kimya. Mpima akasoma kwenye kile kimashine, akarudi nyuma kuelekea ndani ya kiwanja, mbali kweli na nilivyotegemea, akamwambia kijana chimba hapa. Kijana akafyeka ukoka kwa panga, akachimbua kidogo, ikatokea zege la zamani lina chuma katikati na namba imekaribia kufutika kabisa, akaisugua kwa kidole na maji ya kunywa mpaka ikasomeka, wakalinganisha na ile ramani ndogo kwenye hati, ndio yenyewe. Hapo tu tayari hela yangu ilikuwa imerudi, maana kama ningefuata kigingi cha dalali ukuta wa mbele wa frem ungekuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ile ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kabisa kabisa, sio kwa kubahatisha.

Ila kilichofanya niwape tano ni kilichofuata, ambacho hata sikuwa nimekilipia. Mpima akaniuliza unajenga nini na unajenga kuanzia wapi, nikamwambia frem, naanzia kwenye bikoni. Akacheka kidogo akasema ngoja uone mwenyewe kwa tepu, maana GPS nikikwambia hutaniamini. Kijana mmoja kavaa kikoti cha kung'aa akasimama katikati ya lami kwenye mstari mweupe, mabasi ya Lindi na Mtwara yanapita hapo unajua yanavyopita, mwingine akavuta tepu kuja kwetu. Mita 22.5 ikagonga bikoni yangu, karibu sawasawa. Akasema hiyo ndio hifadhi ya zamani, wakati kiwanja chako kinapimwa barabara kuu ilikuwa mita 45 kwa jumla, nusu huku nusu kule, mpima wa wakati ule hakukosea kitu. Halafu akaendelea kuvuta tepu mpaka mita 30, akapigilia kigingi cha mti na utepe mwekundu chini ya mwembe. Akasema sheria ya leo inaanzia hapa.

Nieleze kidogo maana hili wengi hatulijui mpaka mtu aje na ndoo ya rangi. Sheria ya Barabara ya 2007 pamoja na kanuni zake za 2009 zilipanua hifadhi ya barabara kuu na barabara za mikoa kutoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30 kila upande, na kipimo ni kutoka KATIKATI ya barabara, sio kutoka kwenye ukingo wa lami, sio kutoka kwenye mtaro, hili naliandika kwa herufi kubwa maana mafundi wetu wengi wanapima kutoka mwisho wa lami halafu wanakwambia uko salama. Sasa mtu kama mimi mwenye hati ya kabla ya hapo nina kipande cha mita 7.5 mbele ambacho ni changu kwa karatasi lakini kiko ndani ya hifadhi kwa sheria. Siku serikali ikikihitaji kutanua barabara natakiwa kulipwa fidia, na fidia ya ardhi kwetu sio ya jengo tu, kuna thamani ya ardhi kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, usafiri, malazi, na kama una biashara kuna faida unayopoteza. Lakini kibali cha kujenga jengo la kudumu hapo hupati, na ukijenga kwa ubishi usitegemee kuja kuhesabiwa.

Ndio maana ya zile alama za X za rangi mnazoziona kwenye kuta za majengo kando ya barabara. Nyekundu ni kwa yule aliyemo ndani ya ile hifadhi ya zamani, huyo anahesabika ameifuata barabara, anabomoa kwa gharama yake. Kijani ni kwa yule ambaye barabara ndio imemfuata kwa ile nyongeza ya 7.5, huyo anasubiri fidia. Jirani yangu wa upande wa pili ana X ya kijani ukutani kwa nje, mzee wa watu, nilipokwenda kumsalimia na kumuuliza akaniambia mwanangu hiyo alama ina umri kuliko mjukuu wangu huyu, mjukuu yuko darasa la tatu. Alishaipaka chokaa, ikatokeza. Hajengi, haongezi chumba, benki haitaki kusikia habari ya nyumba yake, na fidia hajaiona. Sasa mtu akiniambia mita 7.5 ni kitu kidogo namwambia nenda kakae kwa yule mzee jioni moja.

Na anayedhani hii ni mikwara tu akumbuke Kimara 2017. Kule Morogoro Road hifadhi ilikuwa kubwa zaidi kuliko kwingine, mita 121.5 kila upande, watu walijenga humo miaka na miaka, wengine wana umeme, maji, risiti za kodi, ilipokuja ile barabara ya njia nane Kimara hadi Kibaha nyumba zilienda chini. Na Ubungo pale hata jengo la makao makuu ya TANESCO liligongwa nyundo upande mmoja kwa sababu hiyohiyo ya hifadhi. Sasa kama taasisi ya serikali ilikatwa, wewe na frem zako za bati utamwambia nani.

Basi. Tukakaa chini ya huo mwembe mchoraji akaja mchana, tukaanza upya hesabu. Kutoka kwenye kigingi cha mita 30 mchoraji akaongeza tena mita 3 za kuacha mbele ndio ukuta uanze, ubavuni kwa jirani mita 1.5, nyuma nafasi ya shimo la maji taka na gari la kunyonya kufika. Upande wa barabara ya mtaa nao una kuacha kwake, hapa ndio uchungu wa kiwanja cha kona unapoanza, wenzako wenye kiwanja cha katikati wanaacha mbele mara moja, wewe unaacha mara mbili maana una mbele mbili. Na kona yenyewe ya jengo akaikata mshazari ili anayetoka mtaani na bodaboda aone gari linalokuja Kilwa Road kabla hajajitoa pua. Frem nane zikawa sita. Niliumia, sitaki kusema uongo, maana kila frem pale ni kodi ya mwaka. Lakini akazipanga kama herufi L, nne zinaangalia lami na mbili zinaangalia mtaa, choo na stoo kwenye kiwiko cha ndani, na ile nafasi yote ya mbele akaiacha wazi, akaniambia mwaga moramu tu, usiweke pevingi, usijenge ukuta, usiweke hata kibanda cha M-Pesa cha zege. Ramani ya jengo iko safi, vipimo vimeandikwa kila mahali, afisa alipoikagua hakuirudisha kwa kosa la nafasi. Nyota moja nimeikata kwa sababu mlango wa stoo waliuchora unafungukia kwenye choo, fundi wangu ndio kaliona.

Sasa njia ya gari. Hapa jamani.

Ninachoelewa ni kwamba kuunganisha njia yako na barabara ya umma unahitaji ruhusa ya mamlaka ya barabara husika, kuwa na hati hakukupi haki ya kutoboa geti popote unapotaka. Na kwenye kona kama yangu una mamlaka mbili, Kilwa Road ni barabara kuu iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ile ya mtaa ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hawa wa pili walianza 2017 kuchukua barabara ambazo zamani tulikuwa tunaziita za halmashauri. Ofisi inayojiita wataalamu wa vibali ilitakiwa ilijue hili kuliko mimi. Lakini mchoro wao wa kwanza waliweka geti moja kwa moja kwenye Kilwa Road, limeruka juu ya mtaro na karavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya njia, karibu kabisa na kona. Ulirudi. Mhandisi aliyeukagua kaandika kwa kalamu pembeni kwamba kiwanja kina barabara ya mtaa, kwa hiyo magari yaingilie huko, na ukiangalia ana haki, barabara ile gari zinashuka kwa kasi, lori la nondo linapunguza mwendo ghafla likate kushoto kwenye geti, nyuma yake kuna basi, nani anataka kuwa sababu.

Wakachora wa pili, geti likahamia barabara ya mtaa. Vizuri. Lakini wameliweka mita 6 tu kutoka kwenye kona! Mimi sio mhandisi ila lori ninalolijua la simenti ni refu zaidi ya hapo, sasa likisimama kusubiri geti lifunguliwe, mkia wote uko kwenye Kilwa Road. Nikawapigia, nikawaambia chukueni lori la kweli mliweke kwenye huo mchoro mlichore kwa kipimo chake muone. Wakanyamaza muda mrefu, WhatsApp tiki mbili za bluu, kimya. Baadaye ikaja meseji ya kuniambia marekebisho ya mchoro wa njia ni laki mbili na nusu nyingine. Nikauliza marekebisho ya kosa la nani? Tukabishana, nikaenda ofisini, mwishowe tukagawana, nikalipa laki moja, na hiyo laki bado inaniuma mpaka leo ninapoandika hapa.

Mchoro wa tatu ndio uliotoka unaeleweka, na ndio unanionyesha kwamba wanaweza, walikuwa wavivu tu. Geti limesukumwa nyuma kabisa ya kiwanja mbali na kona, limeingizwa ndani kutoka kwenye mpaka ili lori lisimame mbele ya geti bila kuziba mtaa, milango inafungukia ndani, na ndani kuna nafasi ya kugeuza ili lori litoke kwa mbele, lisirudi nyumanyuma barabarani huku turnboi anapiga kofi kwenye bodi. Kwenye mtaro wa mtaa wameweka karavati la bomba la zege la milimita 600 na kuta za mawe pande zote mbili.

Hilo la mtaro niliongelee kidogo maana ndio ugonjwa wa barabara yetu yote. Watu wakifungua frem kitu cha kwanza wanamwaga kifusi kwenye mtaro ili wateja wapande na magari, au wanaweka bomba la inchi nne la plastiki wanafunika na udongo wanasema tumeweka karavati. Masika ikija maji hayana pa kupita, yanakuja kwenye frem ya jirani, jirani naye anaweka matofali mlangoni, maji yanahamia kwa mwingine, na lami inaanza kuliwa pembeni. Pale karibu na kituo kuna duka la vipodozi kila masika wanatoa maji kwa ndoo na ukiangalia chini mtaro uko pale pale mbele yao umejaa kifusi chao wenyewe. Kwa hiyo bomba la 600 naona bei yake imepanda lakini sibishani nalo.

Bei zao mnataka kujua. Kufufua bikoni na kupima nililipa laki tatu na nusu, ramani ya frem na choo milioni moja na laki mbili, mchoro wa njia na karavati laki tano ukijumlisha ile laki ya ugomvi inakuwa sita. Ada za kibali ni zako mwenyewe, zinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, maombi ya kibali cha ujenzi siku hizi yanapita kwenye mfumo wa TAUSI, ule wa serikali wa mtandaoni, wao walinisaidia kupakia mafaili bila kunidai, hilo niwapongeze maana mfumo ulikuwa unakataa PDF yao kubwa na mchoraji alikaa nayo mpaka usiku. Ila mtu akikuomba hela ya "kumwona mtu" ndani ya hiyo bei ujue huyo ni mwingine, hawa hawakuniomba.

Mawasiliano ni mabovu, nawaambia ukweli. Kabla hujalipa wanapokea simu mlio wa kwanza, ukishalipa advansi simu inaita mpaka inachoka. Dawa niliyoipata ni kulipa vipande vipande kwa kila hatua na kila kitu kiandikwe, mchoro wa njia usilipie wote mpaka urudi na muhuri. Na uwaombe kabisa kwenye makubaliano iandikwe kwamba ukirudishwa kwa kosa lao wanarekebisha bure. Mimi hiyo sentensi haikuwepo, ndio iliyozaa laki moja.

Nani awatumie? Mwenye hati ya zamani kando ya barabara kuu, hasa iliyopimwa kabla ya 2007, huyo aende kesho, kwa kufufua bikoni na kukuonyesha mita 30 yako iko wapi hawana mpinzani kwa niliowaona huku kwetu. Mwenye kujenga nyumba ya kuishi ndani ndani huko mtaani, ramani yao nzuri lakini bei iko juu kidogo, utapata nafuu kwingine. Mwenye kituo cha mafuta au godauni la malori makubwa, tafadhali usiwape hawa kazi ya njia ya kuingilia, tafuta mhandisi wa barabara kweli, maana hapo kuna kuingia na kutoka tofauti, kuna kupungua mwendo, kuna hesabu ambazo hawa kwa nilivyowaona watazijifunzia kwako.

Kwangu sasa hivi kibali cha jengo kimetoka, msingi wa frem zile nne za mbele umeanza kuchimbwa, na fundi nimemkataza kugusa upande wa barabara ule wa utepe mwekundu hata kwa kuweka mchanga. Mabomba ya karavati yako saiti yamefunikwa na maturubai, tunasubiri ruhusa ya upande wa TARURA ndio tuyalaze. Mpangaji wa simenti amekubali kusubiri, ila kodi ameomba alipe ya miezi sita badala ya mwaka, na nimemkubalia.